Gari ya jeshi kwa mizigo ya koperative: tuhesabu mbele ya kununua



Msimu wa mvua uliopita tulitembelea koperative moja ya viazi ulaya kwenye milima ya Lubero. Tulikwenda kwa kazi ya mbegu, lakini mkutano haukukaa kwenye mbegu. Kijana mmoja alitoa telefone yake akatuonyesha video: kamyo ya kijani, mipira mirefu ya kufika kifua cha mtu, inapanda mlima wa potopoto ambamo Fuso mbili zimezama. Muuzaji aliyetuma video alisema ni gari iliyostaafu katika jeshi la Ujerumani, na kwamba huko Ulaya inauzwa dola 9,000.

"Hii njo itatuokoa," mama mmoja akasema. "Sisi tuko tunauza viazi kwa bei ya kulia, juu ya barabara. Mnunuzi anajua haziwezi kutoka, anatulalia."

Koperative ile iko na akiba ya misimu mitatu kwenye kese, dola 14,000. Waliona hesabu ni nyepesi: 9,000 ya gari, 5,000 ya kuileta. Walituuliza mbele ya watu wote: tununue ao tusinunue? Hatukujibu siku ile. Kisha swali lile lile likatufikia kutoka kwa wakulima wa kakao upande wa Beni, na mara ya tatu kutoka kwa wenzetu wa kahawa. Basi tumeona ni vizuri kulijibu hapa, kwa wote.

Gari ya kwenye video inaitwa Unimog. Hatutaidharau, kwa sababu ilizaliwa shambani. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha, Ujerumani ilikuwa na njaa, na fundi mmoja, Albert Friedrich, alichora mashini ya mkulima: ya kulima, kuvuta, kuzungusha mashini nyingine, na kubeba mavuno mpaka sokoni kwa barabara. Umbali kati ya magurudumu yake ulikuwa milimita 1,270, na ulichaguliwa kwa kupimia mistari miwili ya viazi. Ndiyo, viazi, sawa vile vya Lubero. Ilianza kutengenezwa mwaka 1948, na kuanzia 1951 ikatengenezwa na Daimler-Benz, wale wa Mercedes. Wanajeshi waliona inavyopita mahali gari nyingine zinabaki, wakaitaka. Kuanzia 1955 kukatoka aina ya jeshi, 404, na kufika 1980 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya 64,000. Hiyo 404 inakunywa esansi, siyo mazuti, kwa hiyo tunaiacha pembeni. Ile ambayo wauzaji wanaleta kwa watu wa kwetu, na ile ya kwenye video, ni U1300L, ya mazuti. Jeshi la Ujerumani lilianza kuipata mwisho wa miaka ya 1970.

Kwa nini inapanda? Watu wengi wanazani ni nguvu ya motere. Hapana. Motere yake ni ya farasi 130 tu, Fuso nyingi zinaipita. Siri iko kwenye ekseli. Katika kamyo ya kawaida, ekseli inaingia katikati ya gurudumu, na lile boksi la gia la katikati linaning'inia chini kabisa, njo linagonga mawe na kulima potopoto. Katika Unimog, ekseli inaingia juu ya katikati ya gurudumu, halafu kuna gia ndogo ndani ya kila gurudumu inayoshusha nguvu chini. Hivi tumbo la gari linabaki karibu sentimita 44 juu ya ardhi. Pili, magurudumu yote manne yanavuta, na kuna kifungo cha kuyafunga yazunguke pamoja, moja likiteleza mengine yasingoje. Tatu, shasi yake inakubali kujipinda: gurudumu moja likiingia shimoni, mengine matatu yanabaki yamekanyaga chini.

Kwa hiyo video haikudanganya. Gari inapanda kweli.

Lakini video haikuonyesha nini kilikuwa nyuma kwenye karoseri. Tuliomba kijana airudishe mwanzo. Karoseri ilikuwa tupu.

Hapa tunakuja kwenye jambo la kwanza ambalo muuzaji hasemi. U1300L ikiwa tupu ina uzito wa tani 5 na zaidi kidogo, na uzito wote unaoruhusiwa, gari na mzigo pamoja, ni tani 7 na nusu. Toa moja kwa nyingine: inabaki tani 2 na kidogo. Kwa magunia ya kilo 100, ni magunia 20, tuseme 22. Tunajua mtu atasema, "Papa, sisi tunapakia 40." Mtapakia, ndiyo, na gari itaondoka. Ila zile gia ndogo ndani ya magurudumu ndizo zitalipa, na katika Butembo nzima hamtakuta duka linaloziuza.

Umri

Jeshi linaweka gari kwa akiba. Inaweza kukaa hangari miaka 20, inawashwa mara moja moja, kisha inauzwa ikiwa imetembea kilomita 30,000. Muuzaji anapiga picha ya kilometa, na mnunuzi anafurahi kama amepata gari mupya. Lakini gari haizeeki kwa kutembea tu. Kaochu zinakauka, na siku ya kwanza ya kazi ya kweli mafuta yanaanza kuvuja kila pahali. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, mabomba yanaota kutu kwa ndani. Tanki ya mazuti pia.

Mipira ndiyo rahisi kuchunguza hata kwa picha. Kwenye ubavu wa mpira kuna herufi DOT, na mwisho wake tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka: 1209 maana yake juma la 12 la mwaka 2009. Mukiona tarakimu tatu tu, mpira ulitengenezwa mbele ya mwaka 2000. Unaweza kuwa na meno yote, mweusi na mzuri, lakini ukipewa mzigo na jua la Kasindi utapasuka. Mipira ya saizi hiyo, 12.5 R 20, siyo ile ya Fuso, na hamtaikuta kwa fundi wa kando ya barabara. Ombeni picha ya namba hiyo kwa mipira yote, na ule wa akiba. Muuzaji akikataa kutuma, amekwisha kuwajibu.

Umri una upande mwingine, wa sheria, na huo unaweza kumaliza mazungumzo yote mbele hata ya kuongea juu ya motere. Inchi yetu inaweka mpaka wa umri kwa magari ya mitumba yanayoingia. Gari iliyotengenezwa mwaka 1985 imeupita mpaka huo mbali sana. Kuna wauzaji wanaosema, "hiyo tutapanga kule kule mpakani." Ndugu zetu, kupanga mpakani ni kuacha gari ya koperative imeegeshwa Kasindi, gharama ya parking inahesabiwa kila siku, na feza ya wanachama imekwisha kwenda Ulaya. Tunashauri hivi: prezida wa koperative aandike barua kwa ofisi ya duane, DGDA, akitaja aina ya gari, mwaka wake na kazi yake, na aombe jibu la maandishi lenye muhuri. Jibu la mdomo siyo jibu. Mpaka karatasi hiyo ifike, kese isifunguliwe.

Na katika barua hiyo waulize jambo la pili: gari itahesabiwa kama kamyo ao kama mashini ya kilimo? Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inatoa msamaha wa ushuru kwa vifaa vinavyoingia kwa ajili ya kilimo peke yake. Mchumi mmoja wa koperative alituambia kwa furaha kwamba Unimog ilizaliwa trakta, basi itasamehewa. Wazo zuri, lakini mtu wa duane ataangalia kilicho mbele yake: karoseri ya mbao, viti vya askari, nafasi ya mizigo. Ataandika kamyo.

Njia kutoka Ulaya mpaka Kasindi

Katika Ujerumani, magari ya jeshi yanayostaafu yanauzwa na VEBEG, kampuni ya serikali iliyoko Frankfurt. Wanaotaka wanatuma bei, wa bei ya juu anachukua, na gari inauzwa vile ilivyo, bila garanti. Muuzaji wa video, tuna hakika, ni mtu anayenunua hapo ao kwa waliopita hapo, kisha anaongeza faida yake. Siyo dhambi, ni biashara. Lakini gari iliyotengenezwa hasa kwa ajili ya jeshi haitoki Ulaya kama gari ya sokoni. Inaweza kuhitaji kibali cha serikali cha kuitoa, na mnunuzi anatakiwa kueleza gari inakwenda kwa nani na kwa kazi gani. Na Kongo, mnajua, siyo inchi ambayo maombi ya namna hiyo yanapita bila maswali. Nani anaomba kibali? Muuzaji ao koperative? Kikikataliwa, feza inarudi? Maneno hayo yaandikwe kwenye mkataba mbele ya malipo ya kwanza.

Kisha meli mpaka Mombasa. Kutoka Mombasa gari inapita Kenya na Uganda kwa transit, yaani bila kulipa ushuru wa inchi hizo lakini kwa dhamana, mpaka Mpondwe, halafu daraja, halafu Kasindi. Fomu ya FERI ya OGEFREM inatakiwa kutafutwa mapema, siyo mzigo umekwisha kufika. OCC watakagua. Mutahitaji deklaran mwaminifu, na tunasema mwaminifu kwa sababu hapa ndipo feza nyingi zinapotea bila risiti.

Kitu ambacho wanachama wengi hawajui: ushuru hauhesabiwi juu ya bei ya kununua peke yake. Unahesabiwa juu ya bei ya kununua, pamoja na usafiri mpaka mpakani, pamoja na asiranse. Tufanye mfano, siyo bei ya soko. Gari 9,000, usafiri na asiranse 7,000: jumla 16,000. TVA ni asilimia 16, na inahesabiwa juu ya jumla hiyo ikiongezwa ushuru wa kuingia. Hata tukisahau ushuru wa kuingia kwa dakika moja, TVA peke yake ni dola 2,560. Wenzetu wa Lubero walikuwa na 14,000. Walikuwa wamepungukiwa mbele gari haijavuka daraja, na mipira mupya bado, plake bado, na dumu la kwanza la mazuti bado.

Tunasikia mtu akiuliza: na Land Rover za jeshi la Uingereza? Na Humvee za Wamarekani? Land Rover ni gari nzuri, fundi wa kila centre anaijua, lakini itabeba magunia machache kuliko Unimog, na nyingi usukani uko kulia. Sisi tunaendesha upande wa kuume wa barabara, tunataka usukani wa kushoto. Zipo zilizotengenezwa hivyo kwa sababu Waingereza walikuwa na majeshi Ujerumani. Ni za kutafutwa. Humvee tuiache. Ni pana mita 2.16, inajaza njia zetu za mlimani yote, na Wamarekani wanataka karatasi ya kueleza mwisho wa matumizi yake. Ni gari ya sinema.

Kuna njia ya tatu: kununua ambayo imekwisha kuwa hapa Kongo, iliyoachwa na mradi ao shirika. Kwa umri na meli, shida zinapungua. Lakini angalieni: magari mengi ya mashirika yaliingia bila kulipa ushuru, kwa jina la shirika. Siku gari inauzwa kwa mtu mwingine, ule ushuru uliolala unaamka. Muulize nani ameulipa, na muone risiti. Kat roze ya jina la shirika na maneno "tutabadilisha kisha" siyo hati ya kununua.

Rangi ya kijani

Hapa tutaongea polepole, kwa sababu siyo jambo la mitambo.

Gari ya kijani cha jeshi ikitokea kwenye kona, saa kumi na mbili ya jioni, katika maeneo yetu, mtu hataangalia plake kwanza. Wenye silaha wa upande huu watazani ni ya upande ule. Wanakijiji watakimbia, na katika kukimbia watu wanaumia. Kwa hiyo mbele gari haijapanda meli ipakwe rangi nyingine kabisa: bluu ya magharasha, manjano, rangi ya machungwa, yoyote isiyofanana na jeshi wala na mashirika. Jina la koperative liandikwe pande zote kwa herufi kubwa. Taa za vita, vishikio vya bunduki, nafasi ya antena, vyote vitoke, na kazi hiyo iandikwe kwenye karatasi inayosafiri na gari. Turubai ya kijani pia ibadilishwe. Watu wanasahau turubai.

Lakini rangi haiondoi hatari ya pili. Gari inayopita mahali ambapo hakuna gari nyingine inapita, kila mtu mwenye haraka na silaha ataitamani. Inaweza kuombwa "kwa siku mbili tu". Inaweza kuchukuliwa. Kamyo ya kawaida ina bahati moja, wakati wa mvua haina faida kwa mtu wa namna hiyo, naye anajua. Hatuwezi kuwaambia hatari hiyo ina kiasi gani katika kila groupement. Ninyi mnakaa huko, mnajua usiku wenu kuliko sisi. Tunachoomba ni kwamba swali hili liulizwe katika mkutano mkuu, na wamama wakiwemo, siyo kati ya wanaume watatu wa komite. Katika ule mkutano wa Lubero hakuna aliyeliuliza mpaka muzee mmoja aliyekaa nyuma akasema, "Na siku wataichukua na shofere ndani?" Kijana wa telefone akanyamaza.

Jeshi liliuza gari, halikuuza garaji

Gari ya jeshi inadumu kwa sababu nyuma yake kuna watu. Kuna fundi aliyefundishwa aina hiyo moja, stoki ya vipuri, kitabu, na amri ya kubadilisha mafuta hata kama gari haijatembea. Koperative inaponunua, inapata chuma peke yake.

Habari njema ni motere. Ni ya familia ya OM 352, ile ile iliyofungwa kwenye Mercedes za zamani zenye pua ndefu, kama 1113, zilizotembea Afrika nzima. Fundi muzee anayejua motere hiyo anapatikana, na vipuri vyake pia. Habari mbaya ni kila kitu kilicho chini ya motere: gia za magurudumu, ekseli, bomba linaloficha shafti, mfumo wa kufunga magurudumu. Hizo ni za Unimog peke yake. Kikivunjika kimoja mwezi wa mavuno, kipuri kinatoka Ulaya, na viazi haviwezi kungoja ndege.

Mambo ya kila siku siyo magumu, yanataka nizamu. Kila gurudumu lina mafuta yake ya gia. Kisha kuvuka mto yachunguzwe, na yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, yabadilishwe siku hiyo hiyo. Tanki za hewa ya breki zitolewe maji. Kifungo cha kufunga magurudumu kinatumiwa kwenye potopoto, kwa kwenda mbele moja kwa moja, na kinatolewa mara tu gari inafika pahali pagumu. Shofere anayekisahau akakata kona kwenye lami anaweza kuvunja kitu cha mamia ya dola kwa dakika moja, na atashuka akisema gari ni mbovu.

Na umeme. Gari hizi zinatumia volti 24: bateri mbili za volti 12 zimefungwa moja kwa nyingine. Sisi wenyewe, katika shirika letu, tulikosa hapo. Tulikuwa na gari ya namna hiyo, shofere akataka muziki na chaja ya telefone, akafunga radio ya volti 12 kwenye bateri moja tu. Ilipiga vizuri sana. Bateri ile ikawa inachoka, nyingine inajaa kupita kiasi, na miezi michache kisha tulinunua bateri mbili mupya na kusukuma gari mbele ya kanisa siku ya Pasaka. Kuna kifaa kidogo kinachoshusha 24 kuwa 12. Kinunuliwe mapema, maana shofere atataka muziki tu.

Gunia moja linalipa ngapi?

Tulikaa na mchumi wa koperative, na daftari, tukafanya hesabu hii. Namba ni za mfano. Wekeni zenu mahali pake. Stoki iko kilomita 18 kutoka barabara kubwa. Gari imegharimu, yote pamoja mpaka inasimama na plake, dola 22,000, nasi tunaigawa kwa miaka 10: dola 2,200 kwa mwaka. Mipira, mafuta, vipuri: 2,500. Shofere na msaidizi: 2,400. Jumla ni 7,100 kwa mwaka, hata ikibeba gunia moja.

Sasa mazuti. Kwenye barabara nzuri inakunywa lita 20 mpaka 25 kwa kilomita 100. Kwenye potopoto na mlima tuhesabu 40. Kwenda na kurudi ni kilomita 36, lita 14 na kidogo, kwa magunia 20. Mazuti ikiwa dola 1.50 kwa lita, ni karibu dola 1.08 kwa gunia. Mchumi alishangaa. Yeye alizani mazuti ndiyo itawamaliza.

Koperative yenye magunia 1,200 kwa mwaka: 7,100 inagawiwa kwa 1,200, ni dola 5.92, ongeza mazuti, gunia moja linatoka kwa dola 7. Wanachama wa Lubero wako hapo. Lakini koperative yenye magunia 3,000: dola 2.37 na mazuti, jumla dola 3.45. Gari ni ile ile, shofere yule yule, tofauti ni wingi wa magunia. Linganisheni na kile mnacholipa leo kwa motari na wabebaji, tena kwa miezi ile tu ambayo kamyo ya kukodi haifiki. Maana wakati wa jua Fuso ya kukodi inabeba zaidi ya Unimog, na hakuna sababu ya kuchosha gia za Wajerumani kwenye barabara kavu.

Kwa maoni yetu, koperative moja yenye magunia 1,200 isinunue. Koperative tatu zinazotumia njia moja, zenye barua ya DGDA mkononi, fundi waliyekubaliana naye, na feza ya mwaka wa kwanza ya vipuri iliyowekwa kando, zinaweza kukaa na kuongea. Tena mbele ya yote wahesabu pahali pabaya kwenye njia. Kule Lubero tulitembea kilomita zile 18 kwa miguu na wazee wawili. Fuso hazikwami njia nzima. Zinakwama pahali pane, na mbili kati ya hizo ni maji ya mlima yanayokosa mfereji. Siku za salongo, majembe, mawe na kalvati chache siyo kitu cha kuonyesha kwenye telefone, na kijana wetu hakufurahi tulipomwambia. Lakini alikuja na kamba ya kupimia.

Tulipokuwa tunamaliza kuandika haya, koperative ile ilikuwa imetuma barua kwa duane na ilikuwa inangoja jibu. Walimwomba pia muuzaji picha za namba kwenye mipira. Ametuma picha za mipira mitatu.